Kibaba, Kisaga na Pishi: Kutengeneza Kisanduku cha Vikinza kwa Somo la Umeme

Utangulizi

Mwalimu wa fizikia anayeanza kufundisha umeme katika Kidato cha Tatu hukutana na tatizo moja mapema sana. Kitabu cha kiada hukitaja kisanduku cha ukinzani kana kwamba ni kitu cha kawaida kama chaki, ilhali shuleni kipo kimoja tu, au hakipo kabisa. Pale kilipo, kwa kawaida kimefungiwa kabatini kwa hofu ya kuharibika, nacho hutolewa siku za mtihani wa vitendo zinapokaribia. Wanafunzi 40 humzunguka mwalimu. Watano walio mbele huuona mshale wa mita ukisogea, na waliobaki hunakili yale yaliyoandikwa na hao watano.

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kuwaonyesha walimu wenzetu namna ya kutengeneza kisanduku cha vikinza kinachoendeshwa kwa swichi, kwa vifaa vinavyopatikana Tanga mjini, Muheza, Korogwe au Pangani, hata kila kundi darasani liwe na chake. Ya pili, ambayo kwetu ni nzito zaidi, ni kueleza jambo tulilojifunza kutokana na kisanduku chetu cha kwanza kilipoharibika. Kwani siku ile tuligundua kwamba tulikuwa tukiwafundisha wanafunzi kusema uongo, nasi hatukujua.

Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, walimu wengi waliufasiri kwa jembe na shamba la shule. Shamba lilikuwa na maana yake. Lakini waraka ule ulidai pia mwanafunzi awe na akili ya kudadisi, na akili hiyo haijengwi kwa kutazama chombo kwa mbali. Hujengwa na mkono uliokitengeneza chombo, ukakikosea, kisha ukakisahihisha.

Fikra iliyomo ndani ya kisanduku

Kikinza ni kile kijipande kidogo chenye mistari ya rangi ambacho mafundi wa redio hukiita rezista. Kazi yake ni kupunguza mkondo wa umeme, na nguvu yake ya kupinga mkondo hupimwa kwa omu. Vikinza viwili vikiungwa kwa mfuatano, kimoja nyuma ya kingine, ukinzani wake hujumlishwa: omu 10 na omu 20 hufanya omu 30. Katika kisanduku tunataka mwanafunzi aweze kupata kiasi chochote atakacho kwa kubonyeza swichi, bila kufungua waya hata mmoja. Je, tuweke vikinza vya ukubwa gani ili vichache vitoshe kwa viasi vingi?

Swali hili wazee wa pwani yetu walikwisha kulijibu sokoni. Kabla ya kilo na lita kutawala madukani, nafaka ilipimwa kwa kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili ni pishi moja. Hivyo pishi ni vibaba vinne. Vipimo hivi havijasahaulika, kwani kila Ramadhani inapokaribia kwisha pishi hutajwa tena katika zaka ya fitri. Tunamshauri mwalimu aanzie hapo, kabla hajataja umeme. Na awaulize wanafunzi hivi: muuza mchele ana kibaba kimoja, kisaga kimoja na pishi moja, na kila chombo anaruhusiwa kukijaza mara moja tu. Aweza kumpimia mteja vibaba vingapi?

Darasa litatafuta lenyewe. Kibaba peke yake ni 1, kisaga ni 2, kibaba na kisaga ni 3, pishi ni 4, pishi na kibaba ni 5, pishi na kisaga ni 6, vyote vitatu ni 7. Hakuna kiasi kilichorukwa wala kilichojirudia. Tukiongeza chombo cha pishi mbili, yaani vibaba 8, muuzaji atafika hadi vibaba 15 kwa vyombo vinne tu. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa mchele ameshaelewa kisanduku kizima. Tena ameonja ile hesabu ya mfumo wa namba mbili ambayo kompyuta zote huitumia.

Mitihani ya sekondari huandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi hana budi kuyajua maneno yake. Lakini tumeona mara nyingi kwamba fikra ikishaingia kwa lugha aliyolelewa nayo, jina la kigeni hushika kwa siku moja. Jina likitangulia bila fikra, hukaririwa mwaka mzima na kusahauliwa siku ya mwisho wa mtihani.

Basi safu ya kwanza ya kisanduku chetu ina mafungu manne ya vikinza: omu 10 (kibaba), omu 20 (kisaga), omu 40 (pishi) na omu 80 (pishi mbili). Mafungu yote yameungwa kwa mfuatano, na kila fungu lina swichi iliyoungwa kati ya ncha zake mbili. Swichi ikiwashwa, mkondo hupata njia ya mkato na kulipita fungu lile kama halipo. Swichi ikizimwa, njia ya mkato hufungwa, na mkondo hulazimika kupita ndani ya fungu. Safu hii hutupa omu 0 hadi 150 kwa hatua za omu 10. Safu ya pili hufanana na ya kwanza, ila kila kiasi kimezidishwa mara 10: omu 100, 200, 400 na 800. Safu mbili zikifuatana, swichi 8 hutupa kila kiasi tangu omu 0 hadi 1,650 kwa hatua za omu 10, yaani viasi 166.

Mwalimu aangalie hapa penye utelezi. Nyumbani mwanafunzi amezoea kwamba kuwasha swichi ni kupata kitu. Katika kisanduku hiki kuwasha ni kukiondoa kitu. Kwa sababu hiyo namba ya kila fungu iandikwe upande ule wa swichi unaobonyezwa wakati wa kuzima, na upande wa pili iandikwe sifuri.

Vifaa vya kisanduku kimoja

1. Vikinza 15 vya omu 10 na vikinza 16 vya omu 100, vyote vya robo wati. Cha omu 10 kina mistari ya kahawia, nyeusi na nyeusi. Cha omu 100 kina kahawia, nyeusi na kahawia. Mstari wa dhahabu unaofuata una maana kwamba kiasi halisi chaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5.
2. Swichi 4 za ukutani zenye vibonyezo viwili kila moja. Hakikisha kila kibonyezo kina ncha zake, wala hakikushirikishwa na mwenzake.
3. Ubao mkavu. Sisi tumetumia vipande vya msaji, mti unaopandwa katika shamba la misitu la Longuza wilayani Muheza. Mbao zake hazipindi upesi kwa unyevu, na mabaki ya useremala yanatosha.
4. Skrubu 2 ndefu za shaba na nati zake, ziwe ncha za kuingilia na kutokea mkondo.
5. Waya wa shaba wa uzi mmoja, pasi ya kulehemia, risasi ya kulehemia, koleo na msasa.
6. Betri ya volti 1.5 na multimita. Zile za tarakimu zinazouzwa leo madukani zinatosha kabisa.

Mwanafunzi makini atauliza kwa nini hatununui kikinza kimoja cha omu 40 badala ya kuunga vinne vya omu 10. Swali hilo lisipuuzwe. Viwanda hutengeneza vikinza kwa mfululizo maalumu, na ule wa kawaida ni 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68 na 82, kisha 100, na kuendelea. Kila namba huizidi iliyotangulia kwa kadiri ya asilimia 20. Ndani ya mfululizo huo hamna 20, wala 40, wala 80. Kwa hiyo tunanunua ukubwa wa aina mbili tu na kujijengea vilivyobaki, jambo ambalo lenyewe ni zoezi la muungano wa mfuatano.

Hatua za kutengeneza

Kwanza, kila kikinza kipimwe kabla ya kulehemiwa, na kiasi chake kiandikwe kwenye kipande cha karatasi kinachofungwa kwenye mguu wake. Wanafunzi watashangaa kuona kwamba vikinza 15 vinavyofanana kwa rangi havifanani kwa kipimo: hiki omu 98, kile 102, kingine 100 barabara. Waachwe washangae, kwa maana huo ndio mwanzo wa somo la kosa la kipimo.

Pili, vigawanywe katika mafungu ya 1, 2, 4 na 8, na katika kila fungu kilichopungua kipangwe pamoja na kilichozidi ili vifidiane. Kikinza cha omu 98 na cha omu 102 pamoja ni omu 200 kamili.

Tatu, vikinza vya fungu moja vilehemiwe kwa mfuatano, na miguu ya mwisho ya fungu ifungwe kwenye ncha mbili za swichi yake. Kilehemu kizuri hung'aa na kuikumbatia waya. Kilehemu kibovu huwa kama tone lililoketi juu ya waya bila kuishika. Wasio na pasi ya kulehemia watumie vibanio vya skrubu ambavyo mafundi umeme hutumia kuungia nyaya za nyumba.

Nne, mwisho wa fungu moja uungwe na mwanzo wa fungu linalofuata, mpaka safu zote mbili ziwe njia moja kutoka skrubu ya kwanza hadi skrubu ya pili.

Tano, swichi zote ziwashwe, kisha multimita iguswe kwenye skrubu mbili. Kabla ya hapo nyaya za mita ziguswane zenyewe na kiasi kinachoonekana kikumbukwe, kwani nyaya hizo nazo zina ukinzani wake mdogo. Baada ya kukitoa kiasi hicho, kisanduku lazima kisome karibu na sifuri. Baadaye swichi zizimwe moja moja, na kila fungu lipimwe.

Hesabu ya kufanya kabla ya kuunganisha betri

Kikinza cha robo wati hupata moto na kuungua kikizidishiwa mzigo. Wanafunzi wakokotoe wenyewe. Omu 10 peke yake ikiungwa na volti 1.5, mkondo ni ampea 0.15, na nguvu inayogeuka joto ni wati 0.225, inapona kwa tabu. Ikiungwa na betri mbili, yaani volti 3, mkondo ni ampea 0.3 na nguvu ni wati 0.9, zaidi ya mara tatu ya uwezo wake. Zaidi ya hayo, swichi zote zikiwa zimewashwa kisanduku ni waya mtupu, na betri huungwa ncha kwa ncha.

Kwa hiyo tumeweka kanuni: betri haitoki kabatini bila kikinza chake cha ulinzi cha omu 100, kilicholehemiwa kabisa kwenye waya wake mmoja. Hicho ndicho kile kikinza cha 16. Kikiwapo, betri moja haiwezi kupitisha zaidi ya ampea 0.015 hata kisanduku kikiwa sifuri, na betri mbili haziwezi kuzidi ampea 0.03. Hakuna kijana atakayeunguza kitu, na mwalimu hatakuwa na sababu ya kukifungia chombo kabatini.

Kosa tulilolifanya

Kisanduku chetu cha kwanza hakikuwa na swichi za dukani. Tulikata vipande vya bati la kopo tukavifunga kwa skrubu, kila kipande kikikandamiza kichwa cha skrubu nyingine. Kilikuwa na safu moja tu, ile ya makumi. Tulikijaribu wakati wa kiangazi kikafanya kazi vizuri, tukakipeleka katika shule moja ya sekondari iliyo karibu na bahari. Masika yakaingia. Madirisha ya chumba kile yalielekea baharini, na upepo wenye chumvi uliingia usiku na mchana.

Tuliporudi pamoja na walimu wanafunzi wetu, tuliwagawa wanafunzi katika makundi 7. Kisanduku kilipita kundi kwa kundi, na kila kundi liliagizwa kupima ukinzani katika kila nafasi, tangu 0 hadi 150, na kuandika kile mita inachoonyesha. Jioni tulisahihisha. Makundi 6 yalikuwa na majedwali yasiyo na doa: 0, 10, 20, 30, hadi 150. Tuliwapa alama 10 kati ya 10. Kundi la saba, ambalo mwandishi wake alikuwa binti mmoja mkimya, liliandika hivi:

Nafasi 0, 10, 20, 30: kipimo 7, 17, 27, 37.
Nafasi 40, 50, 60, 70: kipimo 40, 50, 60, 70.
Nafasi 80, 90, 100, 110: kipimo 87, 97, 107, 117.
Nafasi 120, 130, 140, 150: kipimo 120, 130, 140, 150.

Tulipiga mistari myekundu mahali panane, tukaandika "someni mita kwa makini", tukawapa alama 4.

Kesho yake binti yule alikuja ofisini na daftari lake. Aliamkia, akasimama kidogo, kisha akauliza kwa adabu: "Mwalimu, kama tulikosea kusoma, mbona kosa letu ni 7 kila mara? Na mbona halipo katika 40?"

Hatukuwa na jibu. Tulikichukua kisanduku tukapima mbele yake, na mita ikasema kama daftari lake lilivyosema. Kosa lilitokea kila mara kipande cha bati cha omu 40 kilipofungwa ili kulipita fungu lake, na lilitoweka kila mara kipande hicho kilipofunguliwa. Tuliufungua mguu mmoja wa fungu lile tukakipima kipande cha bati peke yake. Mahali kilipogusa skrubu palikuwa na kutu jembamba ambalo jicho lilikuwa halijaliona, na mguso wenyewe ulikuwa na omu 8. Omu 8 ikiwa sambamba na omu 40 ni 320 kugawanywa kwa 48, yaani kama 6.7, nayo mita yetu iliyosoma namba nzima ilionyesha 7. Jedwali lile tulilolipiga mistari myekundu lilikuwa limetuonyesha kosa lilipo, swichi gani, na kwa kiasi gani. Hakuna fundi ambaye angeeleza vizuri zaidi.

Lakini kutu halikutuuma kama yale majedwali sita. Makundi yote saba yalitumia kisanduku kile kile, na mchana ule ule. Kwa hiyo makundi sita hayakuandika yaliyoonekana, yaliandika yaliyotarajiwa. Nasi tuliyapa alama zote, tukamwadhibu aliyeandika kweli. Wanafunzi hawakuwa wameanza tabia hiyo siku ile. Walikuwa wamejifunza kwa miaka, kutoka kwa walimu kama sisi, kwamba jibu lililo sahihi ni lile la kitabu, na kwamba mita ipo kwa ajili ya kupamba meza.

Katika kipindi kilichofuata tulikiri mbele ya darasa kwamba tumekosea kusahihisha, tukalirudishia kundi la saba alama zake, kisha tukayataka makundi yote yapime upya. Hatukumtaja wala kumkemea yeyote. Darasa lilikuwa kimya sana, na safari hii kila jedwali lilikuwa na 7 zake.

Yafaa wanafunzi wajue kwamba mwenye jina la kipimo hiki naye alipita njia hiyo. Georg Simon Ohm, mtoto wa fundi makufuli, alikuwa mwalimu wa shule mjini Köln, Ujerumani, na vyombo vyake alivitengeneza kwa mkono wake. Mwaka 1825 alichapisha kanuni isiyo sahihi, kwa sababu betri za zama zile hazikutoa umeme ulio thabiti. Hakuificha kasoro ile. Mwaka 1826 aliachana na betri akatumia umeme utokanao na tofauti ya joto kati ya metali mbili, akapima upya, na mwaka 1827 akatoa kitabu chenye kanuni tunayoifundisha leo.

Kwa upande wa ufundi, tangu siku ile tunatumia swichi za ukutani, ambazo miguso yake imefunikwa. Kila kibonyezo hubonyezwa mara kadhaa kabla ya kazi ili miguso ijisugue. Kisanduku huhifadhiwa ndani ya kopo lenye kifuniko, pamoja na kifuko cha mchele mkavu, kama watu wa pwani wawekavyo punje za mchele ndani ya chumvi ili isishikane. Na kila kipindi huanza kwa kipimo cha sifuri.

Kukitumia darasani: mbinu ya badala

Kisanduku kikishathibitishwa, chaweza kupima kikinza kisichojulikana hata kama mita ya shule haiaminiki. Betri pamoja na kikinza chake cha ulinzi, mita ya mkondo na kitu kinachopimwa huungwa kwa mfuatano, na mahali mshale ulipofika huwekwa alama ya penseli. Kisha kitu kile huondolewa na kisanduku huwekwa badala yake. Mwanafunzi hubadili swichi mpaka mshale urudi penye alama ile ile. Hapo ukinzani wa kisanduku ni sawa na wa kitu kile, wala hatujali kama namba zilizoandikwa usoni mwa mita ni za kweli. Tunachodai ni kwamba mshale ufike mahali pamoja kwa mkondo uleule. Kazi ifanyike upesi, ili betri isipungue nguvu katikati ya vipimo viwili.

Swichi zisibonyezwe ovyo. Afuate desturi ya mwenye mizani: jiwe kubwa kwanza. Kwa mfano, kitu chenye omu 270: weka 800, imezidi, iondoe; weka 400, imezidi, iondoe; weka 200, ibaki; ongeza 100, imezidi; ongeza 80, imezidi; ongeza 40, ibaki; ongeza 20, ibaki; ongeza 10, mshale umerudi. Maamuzi ni 8, hayazidi.

Vitu vya kupimwa havikosekani: vikinza vilivyofutika rangi kutoka redio mbovu, taa ndogo ya tochi, au kile kijiti cheusi kilichomo ndani ya penseli, kwanza kizima na baadaye nusu yake. Ukinzani ukiwa mkubwa, hatua ya omu 10 haiusogezi mshale kiasi cha kuonekana. Hapo mwanafunzi asilazimishwe kutoa namba moja. Aandike "kati ya 900 na 950", na jibu hilo lihesabiwe kuwa sahihi kuliko la mwenzake aliyeandika 920 bila ya kuiona.

Mpango wa vipindi na usahihishaji

Sisi tumegawa kazi hii katika vipindi 5 vya dakika 40. Cha kwanza ni kibaba, kisaga na pishi, na kupima vikinza vilivyo huru. Cha pili na cha tatu ni kuunda kisanduku. Cha nne ni kukithibitisha, kila fungu na kila swichi. Cha tano ni mbinu ya badala.

Katika alama 10 tunatoa 4 kwa vipimo vilivyoandikwa kwa wino papo hapo, bila kufutwa. Alama 3 kwa hesabu au mchoro. Na alama 3 kwa maelezo ya tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichoonekana. Hakuna alama ya kufanana na kitabu. Mwanafunzi aliyekosea kusoma na akaandika alichokisoma hupata alama zake 4, kwani kosa la kusoma hurekebishika kwa mazoezi; lakini namba iliyobuniwa haina la kurekebishwa, maana hapakuwa na kipimo.

Maswali ya kujadiliwa na wanafunzi

1. Muuza mchele akiongezewa chombo cha vibaba 16, atafika vibaba vingapi?
2. Kwa nini kisanduku chenye mguso mbovu wa swichi husoma sawasawa swichi zote zinapozimwa?
3. Jedwali limezidi kwa omu ile ile katika kila nafasi, hata 150. Je, kosa li katika swichi, au mahali pengine? Utalithibitishaje?

Hitimisho

Siku hizi, tunapovipeleka visanduku darasani, kimoja kati yake tunakiharibu makusudi. Ndani yake, kwenye waya wa swichi moja tusiyoitaja, tunalehemu kikinza cha omu 8.2, kisha tunakichanganya na vizima. Wanafunzi hawaambiwi kipo kwa kundi gani. Wanaambiwa tu kwamba kimo. Kundi litakalokipata na kuitaja swichi yenyewe, kwa ushahidi wa jedwali lake bila kufungua kifuniko, ndilo limefaulu somo. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo darasa zima lilikuja na mashaka juu ya visanduku vyote, vizima na vibovu, likipima na kupima tena hata kengele ikalia na hakuna aliyetoka.

Tunawaomba walimu wenzetu wakijaribu kisanduku hiki katika shule zao, wakirekebishe kwa kadiri ya vifaa walivyo navyo, na watuletee habari za makosa yatakayojitokeza. Na kabla hawajapiga mstari mwekundu chini ya namba isiyofanana na ya kitabu, tunawasihi waichukue mita wakapime wenyewe kwanza.